Barua kwa mwanangu: huo ukuta wa vigae

Mwanangu Zuhura,

Marahaba. Salamu zimefika, na bando nalo limefika. Umeniuliza mambo mawili kwa pumzi moja: huo ukuta unaoupachika vipande vya sahani mbovu una faida gani, na nani kakutia wazo hilo, mama? Najua picha umetumiwa na mdogo wako, na najua alicheka kwanza ndipo akaituma. Nianze na la pili, maana ndilo jepesi.

Aliyenitia ni wewe, kwa hilo bando lako. Unaujua ukuta wa uani, ule unaotazama ghuba. Chumvi inaula, kila masika lipu inabanduka kama magamba ya changu. Nikamwambia mjukuu wangu aperuzi aone watu wa pwani nyingine wanafanyaje. Kikaja kitu kingine kabisa: minara iliyovaa vigae, vikombe na makombe ya baharini, mirefu kushinda mnazi wetu. Lipu nikaisahau hapo hapo.

Aliyeijenga ni Simon Rodia, Mwitaliano aliyehamia Marekani, mtu wa vibarua vya ujenzi. Akitoka kazini anaingia uani kwake, mtaa wa Watts, Los Angeles, anajenga. Alianza 1921, akaacha 1954. Mnara mrefu kuliko yote unakaribia mita 30, na aliupanda peke yake kwa mkanda kiunoni, kama mgema. Hakuchomelea. Vyuma alivifunga kwa waya, akavizungushia saruji, akapachika vigae saruji ikiwa mbichi. Halafu, hapa ndipo aliponishinda, kiwanja akampa jirani, akaondoka, asirudi tena. Wakubwa wa jiji wakasema minara ni hatari, ibomolewe. Mwaka 1959 ikajaribiwa kwa kuvutwa na mashine. Minara kimya, mashine ndiyo iliyosalimu amri. Nilipiga vigelegele mpaka jirani akauliza nani kaposwa.

Tangu usiku ule nikawa silali. Nikampata Ferdinand Cheval, tarishi wa kijiji cha Hauterives, Ufaransa. Mwaka 1879 alijikwaa kwenye jiwe akiwa njiani na barua zake. Sisi tungelitukana lile jiwe tukapita. Yeye akaliweka mfukoni, kesho akarudi kuchukua mengine, mifuko ikachanika, akahamia kapu, kisha toroli. Miaka 33 akijenga kasri la mawe, na barua za watu zinafika vilevile. Alitaka azikwe humo, akanyimwa ruhusa. Basi akajenga kaburi lake makaburini, miaka 8 mingine. Mkaidi huyo, lakini nampenda.

Ninayempenda zaidi ni Nek Chand wa Chandigarh, India, kwa sababu kidogo ana tabia zako za kuficha mambo. Alikuwa mkaguzi wa barabara. Mji mpya ukijengwa, vijiji vilivyobomolewa viliacha lundo la vifusi, naye akawa anaviokota: vyungu, vigae, bangili zilizovunjika. Akavipeleka kwa siri kwenye msitu wa serikali, ambako hakuna ruhusa ya kujenga hata banda la kuku, akatengeneza watu na wanyama kwa mamia. Miaka kama 18 hakuna aliyejua. Walipogundua walitaka kubomoa, wananchi wakakataa. Mwaka 1976 bustani ikafunguliwa rasmi, naye akalipwa mshahara kuendelea na kazi ileile aliyokuwa akiiiba usiku.

Wapo wengine sikuwaelewa. Kyle MacDonald wa Kanada alianza 2005 na kibanio chekundu cha karatasi, akabadilishana kitu kwa kitu mara 14 mpaka akapata nyumba. Ni hodari, sikatai. Lakini huyo ni dalali, Lindi tunao wengi.

Mdogo wako anasema nimeiga mambo ya Wazungu. Mwambie aende Kunduchi akatazame makaburi ya kale, nguzo zake zilipachikwa sahani za Kichina. Au aje hapa, nimpandishe gari mpaka Kilwa, tuvuke kwenda Kisiwani, nimwoneshe msikiti mdogo wa kuba, darini mlipachikwa mabakuli. Wazee walipachika nzima, mimi napachika mbovu, tofauti ndiyo hiyo.

Sasa hiyo faida. Miaka 26 nimeuza chai na chapati, na kila chombo kilichovunjika nilikiandika kwenye daftari: hasara, sahani moja, hasara, vikombe viwili. Vipande nilivitia gunia, sijui kwa nini, nadhani kwa uchungu wa pesa yangu. Magunia yalifika manne. Sasa hasara zangu zote zimesimama ukutani, asubuhi jua likitoka zinang'aa, na mimi nakaa nazitazama nikinywa chai. Kama unataka hesabu zaidi ya hiyo, sina.

Kazi yenyewe imenifunza. Vigae nilivyopachika mwanzo vyote vilianguka, maana nilichota mchanga ufukweni, chumvi ile ile ninayoikimbia. Sasa nanunua mchanga wa mtoni. Vigae naviloweka usiku kucha, na ncha kali nazisugua kwenye jiwe, watoto wa jirani wasijikate. Wao ndio mafundi wangu sasa, wananiletea vifuniko vya birika na vishikio vya vikombe, wanataka kujua vitakaa wapi.

Jambo moja la mwisho. Lile bakuli la maua mekundu ulilovunja ukiwa darasa la tatu, ukasingizia paka. Nilipokuwa nafukua shimo la taka nyuma ya mpapai nimelikuta, vipande vitatu. Nimevipanga karibu na mlango, vinakaa vizuri, ila katikati pana pengo. Kipande cha nne ulikificha wapi?

Mama yako,
Lindi