Mkataze Jinzi, Usimkataze Safari

SWALI: Hujambo Sista? Kifungua mimba wangu anasoma Duluth, jimbo la Minnesota, Marekani. Wenzake wa kanisani wamemwalika Jumamosi moja mwanzoni mwa Januari wakateleze juu ya theluji kwa ski, zile mbao za kufunga miguuni, msituni kutwa nzima. Ananiambia nisiwe na wasiwasi, yeye ni mkimbiaji, amepanda Menengai tangu akiwa darasa la sita, na atavaa jinzi na sweta mbili za kofia. Mimi theluji sijawahi kuiona, lakini nimesikia baridi ya huko inaua. Nimkataze?
*Mama wa Bahati, Nakuru*

JIBU: Mama mwenzangu, mwache aende. Nilikuwa muuguzi Minnesota kabla ya kurudi Njoro, na siku zangu za mapumziko za majira ya baridi nilizimalizia kwenye misitu hiyohiyo. Ni siku nzuri mno kumnyima kijana. Lakini jinzi mkataze kabisa, na sweta hizo kama ni za pamba.

Watu wa kwetu wanadhani adui ni baridi. Adui ni jasho. Mwanao ataanza kwa nguvu, na katika nusu saa ya kwanza atalowa mgongoni hata kama maji yanaganda nje. Pamba hunywa jasho hilo na kulishikilia. Wakisimama kula, joto la mwili linatoka kupitia nguo iliyolowa upesi sana, na kulirudisha ni kazi. Kwa hiyo avae fulana ya sufu au ya nailoni inayokaa karibu na ngozi, sweta ya sufu au ya fliisi (kitambaa laini chenye manyoya mafupi) juu yake, kisha jaketi jepesi la kuzuia upepo. Soksi za sufu, kofia ya kufunika masikio, glavu. Akitoka mlangoni akihisi kibaridi kidogo, amevaa sawasawa. Akitoka akihisi joto tamu, avue kitu kimoja akiweke kwenye mkoba. Na mkobani kuwe na fulana moja kavu na glavu za akiba, hilo silijadili.

Kuhusu ukimbiaji wake. Pumzi anayo, tena itamsaidia sana. Miguu ndiyo itakayomsumbua, kwa sababu mkimbiaji hupiga hatua fupi za haraka, na ski hazitaki hivyo. Ski za msituni ni nyembamba na ndefu, kiatu hufungwa kwenye ncha ya vidole tu, kisigino kinainuka. Katikati zimepinda kwenda juu. Ukiukandamiza mguu mmoja kwa uzito wako wote, ule upinde unagusa theluji na kung'ata, kwa nta au kwa magamba yaliyochongwa chini yake, ndipo unapojisukuma. Uzito ukiuhamishia mguu wa pili bila kuukandamiza, wa pili unateleza. Basi kazi yote ni kuhamisha uzito mzimamzima, kisha kuwa na subira ya kusimama juu ya mguu mmoja mpaka mtelezo uishe. Mwambie afuate mifereji miwili ambayo mashine imeichonga kwenye theluji, na asiikanyage kwa viatu. Akitaka kupumzika, atoke kando ya njia.

Kwenye miteremko aangalie vibao: duara la kijani ni njia rahisi, mraba wa buluu ni ya wastani, almasi nyeusi aiache hata wenzake wakimsihi. Kupunguza mwendo ni kutanua visigino na kukaribisha ncha za mbele, magoti yakiwa yamekunjwa. Akiona kumemshinda, akae chini kwa upande. Theluji ni laini, mti si laini.

Duluth jua la mwanzoni mwa Januari huzama karibu saa kumi na nusu, na chini ya misonobari giza hutangulia. Wageuze kurudi wakiwa bado na nguvu. Simu aiweke ndani ya jaketi karibu na kifua, kwa sababu baridi humaliza betri. Chai ya moto kwenye themosi, sukari nyingi, na chakula cha kula kidogokidogo.

Sasa nisikilize kama muuguzi. Ngozi ya pua, masikio au vidole ikiwa nyeupe au ya kijivu na haina hisia, isisuguliwe na isipakwe theluji. Ifunikwe, waingie ndani. Mtu akianza kutetemeka sana, kujikwaa na kuzungumza kwa kuvuta maneno, safari imekwisha: avuliwe vilivyolowa, avikwe vikavu, apate joto. Mtetemeko ukikoma naye bado amepoa na amechanganyikiwa, hiyo ni hatari kubwa, wapige simu 911 papo hapo. Mtumie aya hii kwa WhatsApp kama ilivyo.

Jambo la mwisho: njia nyingi za huko zinadai kibali cha jimbo kwa kila mwenye miaka 16 na zaidi. Vifaa vyenyewe akodi, asinunue.

SWALI: Sista, kuna Mkenya aliyewahi kushindana katika mchezo huu wa ski? Na mtu anaweza kujifunza hapa Kisumu?
*Msomaji, Nyalenda*

JIBU: Yupo, na kila mtoto wa magharibi mwa Kenya angepaswa kumjua. Philip Boit wa Eldoret alikuwa mkimbiaji wa mita 800, akapelekwa Finland kufundishwa ski, na mwaka 1998 akashindana kilomita 10 katika Olimpiki ya Nagano. Alimaliza wa 92, wa mwisho. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alikuwa amefika dakika 20 kabla yake, naye akabaki kumsubiri kwenye mstari ili amkumbatie. Boit alimpa mwanawe jina la Dæhlie, na akarudi Olimpiki mwaka 2002 na 2006.

Kisumu theluji hakuna, lakini zipo ski fupi za magurudumu ambazo wachezaji wa Ulaya hufanyia mazoezi barabarani wakati wa kiangazi. Ukizipata, tafuta lami tambarare isiyo na bodaboda, alfajiri, na uvae helmeti. Usipozipata, simama kwa mguu mmoja ukipiga mswaki asubuhi na jioni, ubadilishe miguu. Usawa huo ndio unaomshinda karibu kila anayeanza.