Kioo cha tandemu hakipimwi ukiwa peke yako

Ukienda kununua kioo cha kutazamia nyuma kwa baiskeli ya watu wawili, nenda na huyo wa pili. Pandeni wote, yeye akae nyuma na koti lake la upepo na begi mgongoni, ndipo ufunge kioo utazame. Ukijaribu peke yako, kila kioo cha dukani kitakuonesha barabara nyeupe. Akishakaa, nusu ya ile barabara inageuka bega.

Na kioo unakihitaji, maana kugeuza shingo kwenye tandemu ni shughuli. Ukipinda mabega, usukani unayafuata, na nyuma yako kuna mtu wa kilo 70 au zaidi ambaye hajui kwa nini mmeyumba. Wenye tandemu wengi humwachia wa nyuma kazi ya kugeuka. Mwenzangu haoni, kwa hiyo mambo ya nyuma ni yangu. Ila kwa masikio ananishinda mbali: tukiwa njia ya Moshi kwenda Boma Ng'ombe husema "Fuso hiyo, kaka" kabla kioo hakijanionesha kitu. Kinachotutisha ni gari dogo linaloteremka kimya huku upepo unatuvumia masikioni. Hilo hulisikii, usipoliona limeshafika.

Vioo vidogo vya kubana kwenye helmeti au miwani viko karibu na jicho, ndiyo maana kipande kidogo tu huonesha eneo kubwa. Kwa baiskeli ya mtu mmoja navipenda sana. Kwenye tandemu, cha kwanza unachokutana nacho ni uso wa mwenzako, na inabidi ucheze na kichwa ili umkwepe. Wa nyuma akiwa mfupi au mwembamba, utazoea. Wangu ana kifua cha mbeba magunia, na nimemsomea sentensi hii.

Mimi natumia kile cha kuchomeka kwenye ncha ya usukani, kulia. Kwa kuwa kimekaa nje kabisa, kinachungulia pembeni ya kiwiko cha wa nyuma, mradi asitanue mikono. Hapa Tanzania, Kenya na Uganda tunapita kushoto, hivyo magari yanakupita kulia na kioo kiwe huko. Ukiwa Rwanda, Burundi au Kongo, kihamishie kushoto. Kabla ya kulipa, angalia kama ncha ya bomba iko wazi. Nyingi zimezibwa na mpira wa mshikio, ambao unaukata kwa kisu. Kioo kinaingia bombani, unakaza skrubu ya katikati, mpira wake unatanuka ndani na kushika.

Kwa kuwa kioo hicho kiko mbali na jicho, bapa huonesha kidogo mno. Chukua kilichobinuka. Hasara yake ni kwamba gari huonekana dogo, kama bado liko mbali, kumbe liko karibu. Ndiyo maana kabla ya kuhama kuelekea katikati ya barabara bado naiba jicho la haraka begani, baada ya kumwambia mwenzangu "naangalia" ili atulie.

Mafundi watakushauri kioo cha bodaboda. Ni cha bei nafuu na ni kikubwa, lakini ni kizito, na mkono wake mrefu hutetemeka mpaka basi linaonekana mawili. Baada ya matuta matatu ya barabarani kinakuonesha mawingu. Ukikaza nati kwa nguvu kitatulia kwa muda, kisha utakaza tena.

Jambo la mwisho la kujaribu dukani: kikunje. Tandemu ni ndefu na haipendi kuegemea ukuta, na ikiteleza, ncha ya usukani ndiyo inayotangulia sakafuni. Kioo kisichokunjika hakimalizi msimu.