Leseni za michezo ya treni baada ya reli za Uingereza kutaifishwa

Ndugu, umeuliza kama kutaifishwa kwa reli za Uingereza kutarahisisha leseni za michezo ya kompyuta ya kuendesha treni. Naona kutarahisisha upande mmoja tu. Kampuni ya treni ya South Western Railway ilirudi serikalini Mei 25, 2025, nyingine, c2c, ikafuata Julai, hivyo inatarajiwa majina na rangi za treni kuombewa ruhusa mlango mmoja. Nembo ya reli hizo, ya mishale miwili ya mwaka 1965, kwa kweli, ilibaki mali ya Waziri wa Uchukuzi hata enzi za kampuni binafsi. Lakini treni zenyewe hazikutaifishwa: nyingi zinamilikiwa na wakodishaji kama Angel Trains na Porterbrook, na anayetaka kuchora treni aina ya Desiro kwa uaminifu, hadi mkono wa breki mbele ya dereva, huenda bado akalazimika kuzungumza na mtengenezaji wake, Siemens.