Nguzo za bomba lisiloshika kutu: tazama urefu kwanza

Ndugu, umeuliza kama mabomba ya chuma kisichoshika kutu, ya kipenyo cha milimita 50 na unene wa milimita 1.5, yatabeba paa la kibanda chako cha Dunga, kando ya ziwa, kwa kuwa fundi amekuhakikishia kwamba chuma hicho ni imara kuliko cha kawaida. Uimara huo hautakusaidia sana. Nguzo nyembamba ya mita 3 hujipinda kando kabla chuma chenyewe hakijalemewa, na ukiongeza urefu mara mbili, mzigo wa kuipinda hupungua hadi robo. Nguzo fupi kidogo nazo zina shida yake, kwani chuma hiki hakina kikomo bayana cha kuanza kulegea, bali hulegea polepole na mapema, ndiyo maana wahandisi hukipima kwa mzigo unaokiacha kimerefuka moja kwa moja kwa asilimia 0.2, na kanuni za ujenzi za Ulaya zimekitengea sehemu yake, EN 1993-1-4. Mwulize fundi vichwa vya nguzo vitafungwaje. Vikiachwa huru kuyumba kwa upepo wa ziwani, ihesabu nguzo ya mita 3 kama ya mita 6. Mimi ningetafuta bomba pana zaidi kabla ya kutafuta lililo nene, mradi ukuta wake usiwe mwembamba hata ubonyee.