Jua gari zima kwanza, ndipo uchague kona yako

Vijana wanaotoka vyuo vya ufundi vya VETA huniuliza sana hili: nibaki fundi wa kila kitu, au nishike kimoja, umeme, giaboksi au AC, nijulikane kwa hicho? Wengi wameshatishwa na methali ya mshika mawili. Gereji ina mambo yake, na methali hiyo inasaidia nusu tu.

Toyota IST imeingia gereji, taa ya injini inawaka, inatetemeka ikiwa sailensi, yaani injini inanguruma bila kukanyagwa mafuta. Unachomeka mashine ya kupimia, inatoa kodi ya kosa P0171, yaani hewa imezidi petroli. Ukimpa anayejua umeme peke yake, atataka sensa mpya ya oksijeni. Ukimpa wa nozeli zinazopuliza petroli, atazishusha azioshe. Kila mmoja atafanya kazi yake vizuri na kulipwa, halafu taa itawaka tena, kwa sababu ugonjwa uko kwenye mpira wa hewa unaotoka kwenye ea klina, kile kichujio cha hewa. Umepasuka ndani ya mikunjo, na huoni ufa mpaka uuminye kwa mkono. Hewa inayoingilia hapo haikupita kwenye sensa ya kupima hewa, kwa hiyo kompyuta inakuta oksijeni ambayo haina hesabu nayo. Inaongeza petroli, inaongeza, ikifika kikomo chake inawasha taa. Kabla hujamtuma mteja dukani, ushike huo mpira. Ni bure.

Ndiyo maana nasema miaka ya mwanzo zunguka. Shusha injini, funga breki, vuta nyaya, shika hata spana za mwenzako wa AC. VETA wenyewe wametenganisha ufundi magari na umeme wa magari, na darasani ni sawa, ila gari halijui ulisoma kozi gani.

Halafu angalia unafanyia kazi wapi. Dar es Salaam magari ni mengi kiasi kwamba mtu anaweza kushughulika na giaboksi tu mwaka mzima na foleni isiishe. Nenda wilayani ukaseme "mimi ni wa AC", utakunywa chai kutwa.

Lakini kujua kila kitu juujuu kuna hatari yake, na hapa nawagombeza mafundi wenzangu wa zamani kabisa. Kuna anayeamini oili ya giaboksi ni oili tu. Giaboksi ya CVT, ile otomatiki isiyo na gia za kuhesabu, ina mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na oili yake imetengenezwa ili mkanda usiteleze. Ukimwaga ATF, oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida, mle, mkanda unateleza, puli zinachubuka, na mteja anatafuta giaboksi nyingine. Soma kitabu cha gari au maandishi ya kwenye stiki kabla hujafungua kopo.

Haibridi, magari ya petroli na umeme, ndizo zisizo na mzaha. Betri kubwa ya Prius ya kizazi cha pili ina volti 201.6, na nyaya zake zimepakwa rangi ya chungwa makusudi. Kama hujafundishwa kuzima huo mfumo, usiguse hizo nyaya. Mwite anayezijua, mlipe chake, na umwombe usimame pembeni uangalie. Wengi hawakatai, hasa ukiwa umeshamsafishia sehemu ya kufanyia kazi na unajua bolti zipi za kumfungulia.