Kabla ya kuongeza wauzaji, hesabu mizigo inayorudi: ushauri kwa kampuni zinazohudumia maduka ya mtandaoni Nairobi

Wauzaji wa Nairobi wanaouza kupitia Instagram, TikTok na WhatsApp hufika mahali wakashindwa kufanya kila kitu wenyewe: kuhifadhi bidhaa, kujibu maswali, kufunga mizigo, kutafuta bodaboda, kufuatilia pesa. Kampuni inayowafanyia kazi hiyo kwa malipo haikosi wateja. Shida huja baadaye, wauzaji wanapoongezeka na faida isionekane. Kwa hiyo kabla hujasaini mkataba na muuzaji mwingine, piga hesabu ya mizigo inayotoka stoo ikarudi.

Tuseme unalipwa shilingi 300 kwa kila mzigo uliomfikia mnunuzi. Bodaboda anachukua 200, vifaa vya kufungia 25, simu 15. Mizigo 100 ikitoka na yote ikafika, unabaki na 6,000. Ikifika 80, unaingiza 24,000, lakini kuitoa yote 100 kumekugharimu 24,000 zilezile, na kuirudisha ile 20 kwa shilingi 100 kila mmoja ni 2,000 nyingine. Siku nzima watu wamekimbia na umepoteza 2,000, hata kodi ya stoo hujaigusa. Kwa bei hizi, ukifikisha chini ya mizigo 85 kwa kila 100 unafanya kazi ya hasara, na muuzaji mpya anakuja kuizidisha.

Dawa ya kwanza ni kumtoza muuzaji kwa mzigo uliorudi. Ada ya 150 katika mfano huu inageuza ile hasara kuwa faida ya 1,000. Zaidi ya pesa, inamfanya muuzaji aache kukuletea oda za watu waliouliza bei tu. Wengine watalalamika. Anayekataa katakata mara nyingi anazijua oda zake.

Dawa ya pili ni simu ya kuhakikisha, na hapa usibane matumizi. Piga asubuhi ya siku ya kupeleka, kwa maana aliyekubali jana jioni huenda leo yuko kazini upande mwingine wa mji. Uliza atakuwa wapi na saa ngapi, kama pesa iko tayari, na ni nani atapokea asipokuwepo. Asiposhika simu mara mbili kwa saa tofauti, na ujumbe wa WhatsApp haukujibiwa, mzigo ubaki rafuni. Anayeagiza akiwa Kisumu au Mombasa alipe kabla mzigo haujapelekwa kwenye ofisi ya basi.

Mahali pa kupeleka panahitaji umakini wa pekee, kwa sababu mitaa mingi haina namba za nyumba zinazofuatwa na watu. Githurai 44 na Githurai 45 zimetenganishwa na Thika Road, na mpeleka mizigo aliyeandikiwa "Githurai" tu atapoteza muda akivuka huku na huku. Kahawa West, Kahawa Wendani na Kahawa Sukari ni sehemu tatu tofauti. Kwenye fomu ya oda weka nafasi ya stage ya karibu, jina la jengo, na kitu kinachoonekana kutoka barabarani, kisha mwombe mnunuzi atume mahali alipo kwa WhatsApp. Panga mizigo kwa barabara: Thika Road peke yake, Jogoo Road peke yake, Ngong Road peke yake. Mtu mmoja, upande mmoja. Mzigo wa Rongai ukichanganywa na wa Ruaka, siku imekwisha.

Ndani ya stoo makosa mengi huanzia mlangoni. Bidhaa zihesabiwe mbele ya aliyezileta na wote wawili watie sahihi, hata kama ni dereva wa tuktuk aliyetumwa kutoka Kamukunji mwenye haraka zake. Kila aina, rangi na saizi ipewe namba yake: kiatu cheupe cha 40 na kile cha 41 ni bidhaa mbili. Rafu nazo ziwe na namba, ili mfanyakazi wa siku ya kwanza aambiwe "A-03-2" akatoe bila kuuliza. Usingoje mwisho wa mwaka kuhesabu mali. Chagua namba kumi kila asubuhi uzihesabu, na tofauti ikitokea itafute siku hiyohiyo, wakati watu bado wanakumbuka.

Kabla ya kufunga, piga picha ya bidhaa ikiwa juu ya mizani, namba ya oda ikionekana. Picha hiyo moja humaliza ubishi wa "niliagiza mbili nikapata moja". Kufunga kwenyewe hakuna siri: karatoni kwa vinavyovunjika, bahasha ngumu ya khaki kwa nguo. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, kwa hiyo muuzaji asikuletee hiyo.

Sasa pesa, ambayo ndiyo inayoua kampuni hizi. Mnunuzi alipe kwenye namba ya Lipa na M-Pesa ya kampuni, kamwe asilipe kwa simu ya mwenye bodaboda. Pesa iliyotumwa kwa simu ya mtu, mtumaji anaweza kuomba irudishwe kwa kutuma ujumbe wa muamala kwenda 456, na ujumbe ulioonyeshwa kwenye simu ya mnunuzi unaweza kuwa wa kughushi. Mpeleka mizigo asikabidhi kitu hadi ofisi imwambie pesa imeonekana upande wenu. Kila jioni linganisheni: mizigo iliyotoka iwe sawa na iliyofika pamoja na iliyorudi, na pesa iliyoingia ilingane na iliyofika. Mzigo usiojulikana ulipo usilale bila jina la mtu aliyekuwa nao mara ya mwisho.

Pesa ya bidhaa ni ya wauzaji. Iwekeni kwenye akaunti yake ya pekee, muwalipe kwa siku maalumu, tuseme Jumanne na Ijumaa, na msiiguse hata mishahara ikichelewa. Kampuni inayolipa kodi ya leo kwa pesa ya muuzaji wa juzi huonekana inakua mradi oda zinaongezeka. Januari zikipungua, baada ya pilikapilika za Novemba na Desemba, wauzaji wote hudai kwa pamoja. Sendy na Copia, zilizojulikana sana Nairobi kwa usafirishaji na biashara ya mtandaoni, ziliishia mikononi mwa wasimamizi wanaowekwa kampuni inaposhindwa kulipa madeni, moja mwaka 2023 na nyingine 2024. Ukubwa peke yake haukuzikinga.

Mkataba useme wazi kwamba unapokea pesa ya bidhaa kwa niaba ya muuzaji, na mapato yako ni ada tu. Usipoandika hivyo, pesa yote iliyopita kwenye akaunti yako inaweza kuchukuliwa kuwa mauzo yako, na kiwango cha shilingi milioni 5 kwa mwaka kinachokulazimu kujisajili kwa VAT hufikiwa upesi sana. Ankara ya ada yako itoke kupitia eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, KRA. Tangu Januari 2024 muuzaji asiye na ankara hiyo hawezi kuitoa gharama hiyo kwenye hesabu ya kodi yake, kwa hiyo wauzaji makini wataiomba.

Majina na simu za wanunuzi zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Data ikivuja mikononi mwenu, mnapaswa kumjulisha muuzaji bila kukawia, ndani ya saa 48 inapowezekana, kwa sababu yeye naye ana saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Ulinzi wa Data. Lakini tatizo la kila siku ni la karibu zaidi: mpeleka mizigo anayemtumia mnunuzi mwanamke salamu usiku baada ya kumpelekea nguo. Orodha ya simu ifutwe kila jioni, na kosa hilo liwe la kufukuzwa kazi mara moja. Mwanamke aliyesumbuliwa hivyo hanunui tena, na wenzake huambiwa.

Kazi ya kujibu wateja wa maduka ya nje inavutia kwa kuwa inalipa kwa dola. Ichukueni baada ya stoo kutulia. Saa mbili asubuhi New York ni saa tisa alasiri Nairobi wakati wa kiangazi chao, saa kumi wakati wa baridi, kwa hiyo zamu huisha saa sita au saa saba usiku. Bei yenu lazima ibebe gari la kuwafikisha wafanyakazi hadi mlangoni, intaneti ya kampuni mbili tofauti, na betri au jenereta ya kushika stima ikipotea.