Kwa Mnaoanza Kukusanya Kompyuta za Zamani Kisumu

Karibu kila mtu anayejiunga na kundi letu la wakusanyaji huanza na swali lile lile: nitapata wapi Commodore 64? Kusema kweli, huku huenda usiipate, na ukiagiza kutoka Uingereza, nauli ya mzigo na ushuru vitakumaliza kabla hujaifungua. Mashine hiyo ya 1982 ilikuwa ya sebule za Ulaya na Marekani. Zilizoishi kwetu zilikuwa na kazi nyingine: ofisi za ushirika, vyuo vya makarani, hospitali za misheni, na baadaye saiba. Nyingi hazina jina kubwa usoni, na plastiki yake imeshakuwa ya manjano. Tafuta hizo.

Ukikuta kompyuta ya 386 (namba ya chipu yake kuu) yenye kibandiko cha chuo kilichofungwa zamani, ndani yake mkiwa bado na WordPerfect 5.1 ya kuandikia au Lotus 1-2-3 ya mahesabu, umepata kitu ambacho mkusanyaji wa London hana. Kwa hiyo usibandue kibandiko ili mashine ipendeze. Usitupe daftari la mazoezi lililochomekwa chini ya kibodi. Muulize anayekuuzia: ilifanya kazi gani, nani aliitumia, iliachwa lini? Andika siku hiyo hiyo, kwa sababu mchuuzi wa soko la Kibuye unayemkuta Jumapili hii, Jumapili ijayo huenda anauza viatu.

Kuhusu karatasi, msifanye mzaha. Shule ya umma haiwezi kukupa kompyuta zake mbovu kwa sababu tu mwalimu mkuu ni mjomba wako. Mali ya umma huondolewa kwa utaratibu wa Sheria ya Ununuzi wa Umma na Uuzaji wa Mali ya 2015, mara nyingi kwa zabuni au mnada. Ngoja mnada. Ukinunua kwa watu wa vyuma vikuukuu, omba risiti. Mnakumbuka Januari 2022, biashara hiyo iliposimamishwa nchi nzima baada ya uharibifu wa nyaya za stima. Siku kama zile, mtu aliyebeba mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, kwenye gunia bila karatasi yoyote ana maelezo marefu ya kutoa.

Sasa umefika nyumbani na mashine yako. Usiiwashe. Najua mkono unawasha, lakini kwanza fungua kasha.

Angalia betri. Kwenye mazabodi nyingi za 286, 386 na 486 utaona kipipa kidogo, mara nyingi cha buluu, kilichochomelewa karibu na tundu la kibodi. Hiyo ni betri ya nikeli na kadimiamu, na ikizeeka huvuja maji yanayokula njia za shaba hadi mazabodi inakufa kimya kimya stoo. Ikate, hata kama inaonekana nzima. Uvujaji wake ni wa alkali, kwa hiyo vunja makali yake kwa siki au limau ukitumia mswaki, suuza kwa maji safi, kisha pitisha spiriti ya duka la dawa na uache ikauke kabisa. Mashine za Pentium, zilizokuja baada ya 486, nyingi zina betri bapa ya CR2032, hiyo haina vurugu. Ukiwasha mashine ya DOS (mfumo wa zamani wa kuendesha kompyuta) isiyo na betri, huenda ikakuambia leo ni tarehe 1 Januari 1980. Mwache aamini hivyo.

Baada ya betri, njoo kwa pawa saplai. Nyuma utaona kiswichi chekundu chenye 115 na 230. Stima yetu ni 240, na mashine iliyotoka Marekani kama msaada mara nyingi huja ikiwa imewekwa 115. Ukiichomeka hivyo, utasikia mlipuko mmoja na hadithi imekwisha. Chunguza pia kapasita, vile vipuri vidogo vya kuhifadhi chaji: za kopo zilizovimba kichwa, hasa kwenye mashine za ofisini za mwanzoni mwa miaka ya 2000, zibadilishwe zote kwa pamoja, na zile za karatasi zenye ganda la uwazi lililojaa nyufa zitakujazia chumba moshi unaonuka siku yoyote zitakapotaka. Kama hujui kuchomelea, mafundi wa redio wa Kondele wanajua, na wengi wao watakufundisha ukikaa hapo asubuhi nzima bila kuwaharakisha.

Monita ya kioo kizito usiifungue. Ya rangi hubeba hadi volti 25,000 au zaidi, na chaji inaweza kubaki hata baada ya kuchomoa waya.

Hali ya hewa yetu ina adhabu zake. Unyevu wa ziwa huotesha ukungu ndani ya flopi, zile diski bapa za kuhifadhia faili, na wale wadudu wa ziwani wanaofuata taa usiku huingia kwenye feni, kwa hiyo jioni ukijaribu mashine funga dirisha. Mende hupenda joto la pawa saplai. Mkiwa pande za Kakamega au Kisii, mvua ya alasiri ikianza kunguruma chomoeni kila kitu. Usitegemee ekstensheni yoyote kupambana na radi. Stima ikipotea, chomoa vilevile, maana ikirudi haiji kwa adabu.

Wengi huuliza namna ya kuondoa umanjano. Krimu ya peroksaidi ya asilimia 12 inayouzwa kwa watu wa saluni, ikipakwa sawasawa, ikafunikwa kwa nailoni na kuanikwa juani, hufanya kazi, na jua halijawahi kuwa shida Kisumu. Vaa glavu. Mimi hata hivyo siipendi sana; umanjano huweza kurudi, na plastiki ikipakwa ovyo hutoka na mabaka kama kanga iliyomwagikiwa jiki.

Flopi ndizo zenye haraka. Mashine inaweza kungoja mwaka mwingine, flopi haiwezi. Kabla ya kusoma, izuie isiandikwe: ya inchi 3.5, sogeza kile kipande mpaka tundu liwe wazi. Ya inchi 5.25, ziba pengo la pembeni kwa kibandiko. Ukiona ukungu, usiiingize kabisa, kwa sababu itachafua kichwa cha kusomea na kuharibu ya pili na ya tatu. Isafishe kwanza. Nakili diski nzima kuwa faili moja, kisha jaribu nakala hiyo kwenye DOSBox, programu inayoigiza mashine ya DOS ndani ya kompyuta ya leo, uache ya asili ipumzike.

Ndani yake utakuta majina ya watu, mishahara, pengine matokeo ya wagonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haijali kwamba diski ina umri kukushinda. Tunachogawana kundini ni picha za mashine, vipuri, vitabu vya maelekezo na ujuzi. Faili za watu hazitoki. Programu nazo bado zina wenyewe hata kama kampuni haiziuzi tena. Anayetaka DOS ya kucheza nayo bila wasiwasi atumie FreeDOS, ambayo ni ya bure na huria.

Kuhusu kuazimana, tuna daftari: namba ya mashine, hali yake, aliyeichukua. Ndugu au rafiki, unatia sahihi. Unaposafirisha kwa matatu kwenda Nakuru au Busia, toa kadi zilizochomekwa na hadidiski, vifungwe kando kwa nguo, na vikae mapajani mwako. Kwenye buti, juu yake, mtu ataweka gunia la viazi.

Na iliyokufa kabisa? Ing'oe vipuri, lakini kioo cha monita kina madini ya risasi, kisivunjwe wala kuchomwa nyuma ya nyumba. Tunakusanya vioo hivyo pamoja mpaka vitoshe mzigo, kisha tunachangia gari la kuvipeleka Kituo cha WEEE, Nairobi, wanaoshughulikia taka za kielektroniki.